Nilimwekea Mwenzangu Alama ya Moja

Mpendwa Mama Ratemo,

Nisaidie kabla Januari haijafika, kwa sababu Januari natakiwa niwe Nairobi kwenye kozi ya miezi sita ambayo kila mtu ofisini ananipongeza nayo, na kila nikipongezwa natabasamu, halafu naenda chooni nakaa huko mpaka uso utulie. Nina miaka ishirini na tisa, kwetu ni Boito, nimelelewa kanisani, sijawahi kuchukua kitu cha mtu hata sindano, lakini nimefanya jambo ambalo nikilitafutia jina sipati lingine isipokuwa wizi.

Mimi ni karani wa takwimu katika mtandao wa watafiti wa afya ulioanzishwa huku kwetu baada ya malaria kupanda milimani, mahali ambapo wazee wanasema zamani hata neti haikujulikana. Wanachama ni thelathini na wawili, kuna madaktari, wauguzi na watu wa maabara, wa kutoka Kericho mjini, Sotik, Kaplong, Boito na zahanati za mashamba ya chai, na kazi yangu ni kuzunguka kila Ijumaa kuchukua hesabu za wagonjwa wa homa na kuzileta ofisini, kwa hiyo wengi wao hawaonani isipokuwa kwenye mikutano, ni mimi ninayebeba kazi ya huyu nikampelekea yule.

Katika kuzunguka huko ndipo nilipojuana na Jerusa, ambaye wengi humwita Mama Omollo. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, kwao ni upande wa ziwa, si Mkipsigis kama sisi, mume wake yuko kiwandani, na yeye amesoma slaidi za damu, vile vioo vidogo vya kupimia malaria, miaka mingi katika zahanati ndogo iliyo katikati ya chai, chumba kimoja na hadubini moja na dirisha moja. Nilipoanza kazi sikujua hata slaidi inashikwa upande gani, na ni yeye aliyenikalisha kwenye kile kiti chake akaniambia angalia, hiki si uchafu, hiki ni kijidudu, angalia tena, na sikuondoka mpaka nikaweza kumwonyesha vitano bila kukosea.

Sasa huyu mama ana daftari. Tangu mvua za 1993 anaandika kila wiki mvua imenyesha kiasi gani, anapima kwa mkebe na rula ya shule, wagonjwa wa homa ni wangapi na wenye vijidudu ni wangapi, halafu kuna safu nyingine aliyoibuni mwenyewe, ameiita Safari, ambapo anamwuliza kila mgonjwa kama ametoka nje ya milima hii kwa miezi miwili iliyopita. Sababu yake ni kwamba huku watu wote husema malaria inaletwa na wafanyakazi wanaotoka likizo ziwani, mimi pia nilikuwa nikisema hivyo, hata mbele yake niliwahi kusema, na hakukasirika, alifungua tu daftari akaniambia, "Hesabu wewe mwenyewe."

Nilihesabu. Katika kila wagonjwa kumi wenye vijidudu, sita walikuwa hawajatoka hapa hata siku moja.

Akaniambia, "Mbu wako hapa hapa, Caren. Wamezaliwa Kericho kama wewe." Tukacheka sana siku hiyo, na kuanzia hapo tukawa tunafanya hiyo kazi pamoja, mimi nikija na kalkuleta, yeye anasoma, mimi naandika, mwaka mzima na zaidi, na wakati mwingine akinipa uji wa wimbi kabla sijashika njia.

Mwezi wa tatu mwaka huu mwenyekiti wetu, Daktari Gekara, alitaka ripoti ya kupeleka kwenye mkutano mkubwa, nikamtaipia yale matokeo, na aliposoma ile sehemu ya safari alivua miwani akaniuliza, "Nambari hizi umezipata wapi?" Nikamjibu, "Nimezikusanya kwenye zahanati, Daktari." Mama Ratemo, si uongo. Lakini akasema, "Hii ni kazi ya akili," akachukua kalamu, akaandika jina langu chini ya lake, na mimi nilikuwa na muda wa kusema, sentensi moja tu ingetosha, nikanyamaza. Nikajiambia nitamwambia kesho. Ripoti ikaenda.

Mwezi wa nane wafadhili wakauliza kama sisi kweli tunashirikiana ama tunakutana tu kunywa chai, na mratibu wetu, Bwana Kipkurui, akatengeneza fomu ya kupima ushirikiano. Kila mwanachama anapewa orodha ya wenzake wote na anaweka alama mbele ya kila jina: sifuri ni simfahamu, moja ni namfahamu tu, mbili ni tunapeana habari, tatu ni tumewahi kufanya kazi pamoja, nne ni tumefanya utafiti pamoja mwanzo hadi mwisho. Fomu ni za siri, mimi peke yangu ndiye wa kuzifungua, halafu nichore picha kubwa ambapo kila mtu ni duara, na wawili wakiwekeana tatu au nne, wote wawili, mstari unachorwa kati yao. Mmoja akisema tumefanya kazi na mwingine akisema hatujafanya, hakuna mstari. Ndiyo kanuni.

Nilipofika kwa jina la Jerusa kwenye fomu yangu kalamu ilisimama. Nikafikiri, nikimwekea nne, Bwana Kipkurui ataona mstari na ataniuliza ni utafiti gani huo tulioufanya, na nitaanzia wapi kueleza ile ripoti? Nikaweka moja. Namfahamu tu.

Wiki iliyofuata nikafungua fomu yake. Jerusa alikuwa ameweka sifuri na moja karibu ukurasa wote, hakujidai kujuana na wakubwa. Mbele ya jina la Daktari Gekara aliweka tatu, nafikiri kwa kuwa alijua hesabu zake humfikia, lakini Daktari kwenye fomu yake alikuwa amemwekea yeye sifuri. Mbele ya jina langu kulikuwa na nne, na alikuwa ameikoleza kwa kupitisha kalamu mara mbili.

Nikachora picha kama kanuni inavyosema. Mimi nilipata mistari ishirini na moja, nikawa wa pili baada ya mwenyekiti, na ndiyo sababu nikachaguliwa kwenda kozi, eti mimi ndiye kiungo cha mtandao. Jerusa hakupata hata mmoja. Picha ilibandikwa ukutani kwenye mkutano wa mwezi wa kumi, kila duara na jina lake, na duara lake lilikuwa kwenye kona, peke yake, mtu mmoja nyuma akasema, "Na huyo je, amepotea njia?" watu wakacheka, na yeye alikuwa amekaa safu ya tatu amevaa sweta yake ya kijani. Halafu Bwana Kipkurui akatangaza kwamba kituo kisicho na mstari wowote kitatolewa kwenye mtandao mwisho wa mwaka, na slaidi na dawa za kuzipaka rangi kilizokuwa kikipewa zitapelekwa kwingine.

Watu walipotoka kunywa chai alinifuata kwenye veranda.

"Caren, mimi na wewe hatujawahi kufanya kazi pamoja?"

Nikamwambia, "Mama Omollo, ni kompyuta. Kompyuta ndiyo inachora."

Aliniangalia usoni, akasema, "Sawa," akaenda zake bila chai.

Tangu siku hiyo nikipita Ijumaa ananipa hesabu dirishani, zimeandikwa kwenye karatasi. Wengine ofisini wanasema anatolewa kwa sababu ya kabila lake, na mimi najua si hivyo, ni kwa sababu yangu. Nikisema ukweli nitapoteza kozi na pengine kazi, na Daktari ataaibika mbele ya watu waliosikia ile ripoti. Nikinyamaza, mvua kubwa zitakuja mwezi wa nne na zahanati ambayo huona homa kabla ya zote haitakuwa na slaidi. Nimesali. Nimeshindwa hata kumwambia mama. Niambie, je, naweza kurekebisha picha kimyakimya, nibadilishe tu ile moja iwe nne, mambo yaishe bila mtu kujua?

Wako katika mashaka,
Caren, Kericho
Novemba 1996

MAMA RATEMO ANAJIBU

Binti yangu Caren, barua yako ilikuwa na tarehe ya mwisho ndani yake, kwa hiyo sikungoja gazeti la Jumamosi. Jibu hili nililitia posta siku niliyoisoma. Nalichapisha sasa kwa ruhusa yako.

Swali lako la mwisho kwanza. Hapana. Huwezi kurekebisha kimyakimya. Kimya ndicho kilichokufikisha hapa, na wewe unataka kukiongeza. Ukibadilisha alama kwa siri utakuwa umechezea fomu mara mbili, na hiyo ya pili hutaweza kusema kalamu ilisimama.

Nimefanya kazi wodini miaka thelathini kabla ya kukalia kiti hiki cha ushauri, kwa hiyo naelewa unachokisema kuliko unavyodhani. Najua ripoti zinavyopanda juu zikiacha majina chini. Naijua pia ile dakika daktari anapovua miwani na kukusifu. Inakuwa tamu. Wewe si mtu mbaya kwa kuionja, lakini umeendelea kuimeza miezi minane.

Sasa nikukaripie. Ulimwambia mama huyo kwamba ni kompyuta inayochora. Kompyuta haijui Jerusa, haijanywa uji wake, haikufundishwa naye. Wewe ndiye uliyeweka moja, na ungeweza kumwambia pale pale kwenye veranda. Ulimkosea kwenye karatasi, halafu ukamkosea usoni, na mimi kama ningekuwa yeye hilo la pili ndilo lingenikaa.

Unasema si ukabila. Nakubali hukukusudia. Lakini jiulize polepole: kwa nini ilikuwa rahisi? Kama mwenye daftari angekuwa mke wa mchungaji wenu wa Boito, ungethubutu? Ulijua hakuna mtu pale ukumbini atakayesimama kuuliza habari za mama wa ziwani mwenye chumba kimoja. Ulijua, ndiyo maana kalamu iliandika. Usilikimbie hilo. Kaa nalo.

Na kanuni yenu pia ina kasoro, nitaisema ingawa haikuondolei lawama. Mkipima ushirikiano kwa mistari ambayo pande zote mbili zimekiri, basi mkubwa akimsahau mdogo, mdogo amefutika. Mtu aliyefanya kazi na mtu anayeonekana na watu si lazima wawe mmoja. Mwambie Bwana Kipkurui hivyo, lakini mwambie baada ya kukiri yako, si kabla, asije akadhani unatafuta pa kujifichia.

Utafanya hivi. Nenda kwa Jerusa kwanza, nyumbani kwake, siku asiyofanya kazi. Usibebe sukari wala kitenge. Mwambie yote, ripoti na alama, kwa mdomo wako, na usianze na nisamehe, kwa sababu hapo utakuwa umekwenda kuomba tena. Kisha mwandikie mratibu na mwenyekiti barua moja, yenye sahihi yako, kwamba fomu yako haikuwa ya kweli na ripoti ilikosa jina la mwenye kazi. Zungumzia fomu yako peke yake. Za wengine ulipewa kwa siri, na zibaki siri. Aliyeweka sifuri au nne atasema mwenyewe akitaka. Na kozi hiyo iweke mezani kabla hawajaidai. Ukienda nayo Nairobi bila kusema, utasoma miezi sita na kila ukurasa utakuwa na sweta ya kijani.

Fanya kabla ya mkutano wa Desemba. Unaweza kupoteza kazi, sitakudanganya. Kazi nyingine hupatikana. Watu wa milimani wakishikwa na homa mwezi wa nne na slaidi hakuna, hao hutawarudisha.

BARUA YA PILI YA CAREN

Mama Ratemo, nilienda. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumba za wafanyakazi, Jerusa alikuwa anachambua mboga mlangoni, alinipa kigoda lakini hakuacha kuchambua, nikasema yote kama ulivyoniambia, sikulia mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nilijua siku ile ile. Mtu akisema ni kompyuta bila kukuangalia, unajua." Halafu akaniuliza, "Na hiyo safu ya Safari, Daktari anafikiri ni wazo la nani?" Nikamwambia, langu. Hapo ndipo aliposimama na sinia yake akaingia ndani akafunga mlango, na mimi nikakaa kwenye kile kigoda kama nusu saa.

Barua niliipeleka Jumatatu. Bwana Kipkurui alikasirika sana, kwa sababu picha ilikuwa imeshatumwa kwa wafadhili, akasema nimeaibisha watu thelathini na wawili. Daktari Gekara hakunikaripia. Aliuliza tu zahanati iko upande gani wa shamba, akachukua gari akaenda mwenyewe, na nasikia alikaa na lile daftari tangu saa nne mpaka saa tisa, Jerusa akiendelea na wagonjwa wake na yeye amekaa kwenye benchi ya wagonjwa akisoma. Kwenye mkutano wa Desemba alisimama akasema, "Mimi niliweka sifuri kwa jina la mtu ambaye kazi yake niliisoma mbele ya wageni. Hiyo ni aibu yangu." Ripoti imetumwa upya, jina la Jerusa ni la kwanza, langu limetolewa. Fomu zitajazwa tena, na safari hii mstari utachorwa hata mmoja tu akisema, mradi aeleze ni kazi gani. Kituo kimebakizwa, slaidi zimefika.

Kozi nimeipoteza. Amepewa muuguzi wa Kaplong, na anastahili. Kazi nimeachiwa, lakini fomu sifungui tena.

Jerusa sasa huja ofisini mwenyewe kila Ijumaa na kuzungumza na Daktari moja kwa moja. Mimi hunisalimia, basi. Lakini juzi akiwa anatoka alisimama kwenye meza yangu akasema, "Jumanne tunaenda Boito kutafuta mbu kwenye nyumba za watu. Wewe ndiye unayejua wenyeji wa huko. Njoo na gambuti." Nikasema ndiyo. Mama, hiyo inamaanisha amenisamehe?

MAMA RATEMO ANAJIBU

Sijui, Caren, na usimwulize. Huenda amekusamehe, huenda anahitaji tu mtu anayeongea Kipsigis mlangoni. Yote mawili ni kazi ya heshima. Wewe fika kabla yake. Ukibisha hodi kwa watu wa kwenu, usianze na jina lako; sema, "Huyu ni Jerusa, mtafiti wa malaria, na mimi nimekuja naye." Halafu mfungulie njia, apite mbele.